Barua ya Uhamisho

Zamani zetu, kumbebea mwalimu madaftari hadi nyumbani kwake ilikuwa heshima ya kugombaniwa. Nazungumzia Gatumba, Burundi, ya miaka ya tisini. Msichana aliyechaguliwa aliweka rundo kichwani, akapita njia ya mchanga nyuma ya soko, na akifika huko hakurudi mara moja. Alichota maji, akaosha sahani, akawasha mbabula, pengine akamenya ndizi. Akichelewa kurudi kwao, hakuna aliyemuuliza. Alikuwa kwa mwalimu, na kwa mwalimu paliaminiwa kuliko kwa mjomba.

Mwenzetu mmoja aliacha kuja shuleni kabla ya Pasaka. Sisi watoto tulijua sababu kwa jinsi wakubwa walivyobadilisha mazungumzo tukikaribia. Wazee wakaitwa, bashingantahe, yaani wazee wapatanishi, wakakaa chini ya mwembe, pombe ya ndizi ikaletwa pamoja na kreti ya bia ya Primus, akatolewa mbuzi, na noti zikahesabiwa mbele ya baba yake. Msichana akapelekwa milimani kwa bibi yake. Mwalimu akahamishwa. Jioni ile mama aliendelea kupepeta ndagala uani huku akimwambia jirani, "Basi mama, limekwisha. Mtu mwenyewe ameondoka."

Ameondoka kwenda wapi? Hilo halikuulizwa. Sisi ni watu wa mpakani na Kongo, tunajua kwamba gunia likikataliwa kwenye kizuizi cha Kavimvira, usiku litapitia kwingine. Mwalimu yule alipokewa kwenye shule nyingine akiwa na barua safi, yenye mhuri, iliyosema tu kwamba amepangiwa kituo kipya.

Si kwamba watu wa Gatumba hawakuwa na uchungu. Walikuwa nao mwingi mno. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilitupitia kwa miaka, na usiku wa 13 Agosti 2004 wakimbizi Wakongomani zaidi ya 150, wengi wao wa jamii ya Banyamulenge, waliuawa katika kambi iliyokuwa hapa kwetu. Mahali palipozika watu wengi hivyo kwa mara moja, mama gani angesimama kwenye mkutano kuzungumzia mwalimu na mwanafunzi? Angeambiwa anatafuta makuu.

Mwaka uliofuata Rais Nkurunziza akafuta karo ya shule za msingi. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini watoto walijaa hadi dirishani, zamu zikawa mbili, asubuhi na mchana, na walimu vijana wakachukuliwa haraka ili kuziba mapengo. Katika darasa la namna hiyo mwalimu hamjui mtoto aliyekosa kuja, seuze sababu ya kukosa.

Hata hivyo mambo yalibadilika, na kama ningeulizwa mabadiliko yalianzia wapi, nisingetaja wizara ya elimu. Ningetaja kituo cha Seruka, pale Bujumbura, kilichofunguliwa mwaka 2003 kwa ajili ya waliobakwa. Wanawake wa hapa walianza kukisikia kwa kunong'onezana sokoni: kuna mahali binti anatibiwa bila kulipa, na daktari anaandika karatasi. Karatasi ile ndiyo iliyobadilisha mambo. Mzee wa mtaa anaweza kusahaulisha maneno kwa pombe, lakini karatasi ya daktari ikishafika kwa mwendesha mashtaka inakuwa kazi kuirudisha mfukoni. Baadaye ikaja sheria ya 22 Septemba 2016 ya kuadhibu ukatili wa kijinsia, na ikawakuta wanawake ambao tayari walishajua njia ya kwenda mjini.

Shuleni nako wakaja "shangazi wa shule", walimu wa kike wanaosikiliza wasichana, maana kwa Warundi shangazi ndiye wa kumwambia binti yasiyosemeka kwa mama. Yakajengwa pia mazoea ya sanduku la barua za siri. La kwetu lilipigiliwa ukutani, na ufunguo ukakaa kwa direkteri, mkuu wa shule. Lilikaa muhula mzima bila hata kipande cha karatasi. Tulipoomba kufuli mbili, moja ya kamati ya wazazi, barua zikaanza kuingia. Nyingi zilikuwa za kuchongeana kwa kalamu zilizoibwa. Chache hazikuwa za mchezo.

Mwaka 2018 wizara ilitoa agizo la kuwaondoa katika shule za kawaida wasichana waliopata mimba na wavulana waliowapa, kisha ikalifuta baada ya majuma machache. Kwenye kamati mama mmoja aliuliza, "Na kama aliyempa mimba ndiye anayemsahihishia mtihani?" Watu wakaangalia chini.

Mafuriko ya Rusizi ya mwaka 2020 yalitutawanya, na ulinzi wote tuliojenga ukalazimika kuanza upya katika mahema, ambako hakuna mlango wa kufunga na choo kiko mbali gizani. Hata hivyo kitu kimoja hakikurudi nyuma: mtoto haendi nyumbani kwa mwalimu. Marudio ya jioni ya darasa la tisa, kabla ya mtihani wa taifa, yanafanyika darasani, mlango wazi, mzazi mmoja nje. Mwalimu mmoja mzee alilalamika kwamba tunawafanya walimu wezi. Mama aliyekuwa zamu alimjibu, "Bwana mwalimu, hata benki ina mlinzi, na wenye benki si wezi."

Kinachobaki ni barua ya uhamisho. Nchini Kenya, tume ya walimu, TSC, ilitoa waraka mwaka 2010 unaomtia hatiani hata anayejua akanyamaza, na mwalimu aliyefutwa kwenye orodha jina lake hutangazwa hadharani, shule nyingine zilione. Sisi bado tunapokea barua yenye mistari mitatu. Muhula huu amekuja mwalimu wa hesabu, kijana mpole, na huenda hana doa lolote. Kamati imemwandikia direkteri kuuliza alikotoka na kwa nini ameondoka katikati ya mwaka. Direkteri amejibu kwamba faili liko kwenye ofisi ya komini. Alhamisi tunakwenda komini.