Mzee wa Bondeni na Juisi ya Rozela

Kwa miaka mingi niliwasimulia wanafunzi wangu wa utabibu habari za William Beaumont, daktari wa jeshi la Marekani, kana kwamba ni mtume. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac, alimtibu kijana Alexis St. Martin aliyepigwa risasi kwa bahati mbaya. Kijana alipona, ila tumbo likabaki na tundu lisiloziba. Beaumont alikuwa akifunga kipande cha nyama kwa uzi wa hariri, anakitumbukiza tunduni, kisha anakivuta aone kimelainika kiasi gani. Kitabu chake cha mwaka 1833 kilionyesha kuwa chakula huyeyushwa na maji ya tumbo yenye asidi, na kwamba hasira huvuruga kazi hiyo.

Nilichokuwa nakiruka ni mkataba wa 1832. St. Martin, asiyejua kuandika, alitia alama tu kukubali majaribio ya mwaka mzima kwa dola 150, chakula na malazi. Huku akimpasulia daktari kuni.

Basi hapa Sumbawanga akalazwa mzee mmoja kutoka bonde la Ziwa Rukwa, kidonda chake cha upasuaji kikivujisha chakula. Alijifunika blanketi mbili. Baridi ya huku juu watu wa bondeni hawaizoei. Nilimtuma binti yake akanunue juisi ya rozela. Wanafunzi walipozunguka kitanda nikafunua blanketi, nikasema, "Kunywa, baba." Akanywa. Muda si mrefu wekundu ukachungulia kidondani. Mwanafunzi mmoja akatoa simu akapiga picha, nami sikumkataza. Mzee alikuwa akitetemeka.

"Asante, mwanangu," akasema. Alidhani ni dawa.

Kipimo cha namna hiyo kipo, lakini kwake hakikuwa na kazi. Mahali utumbo ulipotoboka tulishapajua. Nilitaka tu kuwa Beaumont mbele ya vijana.

Nilipokwenda kumwomba radhi, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: kama haikuwa dawa, nani atamrudishia binti yangu hela yake? Nikairudisha. Picha ilifutwa mbele yangu. Kama ilishatumwa kwingine, siwezi kuapa.

St. Martin alipofariki mwaka 1880, jamaa zake waliuacha mwili uharibike kwanza, ndipo wakauzika kwenye kaburi la kina kirefu, madaktari wasiuchukue. Siku hizi somo la mmeng'enyo naanzia hapo. Na mgonjwa akikataa kuzungukwa, tunachora ubaoni.