Ziara Yetu kwa Imamu Shafii

Mwenyezi Mungu alitujaalia kufika Misri, tukaenda kulizuru kaburi la Imamu Shafii, Mungu amrehemu, katika makaburi ya kale ya Cairo. Kuba lake lilijengwa mwaka 608 wa Hijra, sawa na 1211, kwa amri ya Sultani al-Kamil. Juu yake pana chombo kidogo cha madini, mfano wa mashua. Sisi watu wa pwani tulistaajabu kukiona chombo mbali na bahari.

Tulisoma Fatiha, tukakaa kimya. Tangu chuoni twamjua Imamu huyu kwa udhu, sala na mirathi. Ndiye mwenye Risala na Umm, na madhehebu yake ndiyo tuyafuatayo. Mzee mmoja aliyeketi karibu nasi, aliposikia kuwa sisi ni walimu, hakutuuliza fikihi. Alituuliza: "Na mashairi yake mwayasomesha?"

Tulitahayari. Kwani kabla ya safari tulimnyang'anya mwanafunzi daftari lake la mashairi, tukamwambia kuwa huo ni mchezo, si elimu.

Ilhali Imamu mwenyewe, aliyezaliwa Gaza mwaka 150 na kulelewa yatima Makka, alikaa ujanani na kabila la Hudhayl, akahifadhi mashairi yao. Ufasaha ule ulimsaidia kuifahamu Kurani. Diwani inayonasibishwa naye ilikusanywa baada yake, wala si kila ubeti umethibiti kuwa ni wake. Mwalimu na atahadhari. Lakini mna humo subira, kukinai, kuuchunga ulimi, taabu ya kutafuta elimu na faida ya safari. Naye alisafiri kweli: Madina, Yemen, Baghdad, hata Misri alikofia mwaka 204. Maneno yake ni mepesi. Mtoto huyahifadhi upesi, na mtu mzima huyarejea akipatwa na dhiki. Fikihi yake hutuonyesha namna ya kutenda, na mashairi hayo huutuliza moyo uweze kudumu katika kutenda.

Tuliporejea tulimwita kijana yule, tukamrudishia daftari lake na kumtaka radhi mbele ya wenziwe. Siku hizi, kila Alhamisi baada ya somo la fikihi, wanafunzi huhifadhi ubeti mmoja.

Enyi wazazi, mtoto wenu akiandika shairi, lisomeni kwanza kabla ya kumkemea. Wabillahi taufiki.