Singapore na Hong Kong: Wakaaji Wake Waishije?

Watu wengi hudhani ya kuwa nchi ikishapata utajiri, basi wakaaji wake wote hukaa vyema. Atakaye kulipima neno hili na aitazame miji miwili ya Mashariki ya Mbali, Singapore na Hong Kong. Yote miwili ilitawaliwa na Waingereza, yote ni bandari kubwa, na wakaaji wake walio wengi ni wa asili ya Kichina. Watu wake huishi umri mrefu, kwa wastani kupita miaka 80. Lakini mgeni akikaribishwa nyumbani kwa mfanya kazi, hapo ndipo aonapo tofauti.

Habari yenyewe yaanza kwa moto. Usiku wa Krismasi mwaka 1953 mtaa wa vibanda wa Shek Kip Mei, Hong Kong, uliteketea, na watu zaidi ya 50,000 wakakosa pa kulala. Mwezi wa Mei 1961 moto ulikumba Bukit Ho Swee, Singapore, ukawaacha watu kama 16,000 bila makao. Serikali zote mbili zikajenga majumba ya ghorofa kwa haraka, ila njia zao ziliachana.

Katika Singapore watu wapatao wanane katika kila kumi hukaa katika nyumba zilizojengwa na Serikali, na wengi wao wamezinunua. Fedha hutoka katika akiba ya lazima: mfanya kazi aliye kijana hukatwa senti 20 katika kila dola ya mshahara, na tajiri wake huongeza senti 17. Tangu mwaka 1968 akiba hiyo yaweza kulipia nyumba. Hata hivyo, mnunuzi hupewa miaka 99 tu, na ardhi hubaki ya Serikali. Asiye na mke au mume hungoja mpaka atimize miaka 35 ndipo aruhusiwe kununua peke yake.

Na ardhi hiyo ilipatikanaje? Sheria ya mwaka 1966 iliiwezesha Serikali kuchukua mashamba ya watu kwa malipo madogo. Wafugaji wa nguruwe waliondolewa, na kufika mwaka 1990 ufugaji huo ulikuwa umekoma. Mkulima wa kwetu asomaye haya na ajiulize kama angalikubali kubadili shamba lake kwa vyumba vitatu ghorofani.

Huko Hong Kong pia ardhi ni ya Serikali, lakini hukodishwa kwa mnada, kwa atoaye bei kubwa. Kwa mapato hayo kodi ya mshahara imebaki ndogo, haizidi sehemu 15 au 16 katika 100. Wenye mishahara minono hufurahi. Asiye nao huilipa kodi hiyo kwa njia nyingine, yaani kwa kodi ya nyumba! Nyumba za Serikali ziko nyingi, lakini foleni yake ni ya miaka kadhaa. Wakingoja, watu zaidi ya 200,000 hukaa katika vyumba vilivyogawanywa vipande vipande, pengine choo kando ya jiko. Mwaka 2025 ilipitishwa sheria kwamba chumba cha namna hiyo kisipungue mita 8 za mraba, yaani kama futi 9 kwa 9 na nusu.

Hata hivyo Hong Kong ina milima. Sehemu kama 40 katika 100 za nchi ni hifadhi, na mtu maskini hupanda basi akaenda kupunga hewa huko bila kiingilio. Singapore ni tambarare, na atakaye motokaa hununua kwanza kibali cha miaka kumi, ambacho mara nyingine hupita bei ya motokaa yenyewe.

Miji yote miwili hutegemea watumishi wa nyumbani, wanawake kutoka Filipino na Indonesia, kwa mamia ya maelfu. Hong Kong imewawekea kima cha chini cha mshahara. Singapore haikufanya hivyo. Lakini Hong Kong yawalazimisha kulala kwa waajiri wao, katika nyumba zile zile finyu, na siku ya Jumapili huwaona wamejaa barabarani katikati ya mji, wamekaa juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, wakila na kuzungumza mpaka jioni.