Koli inayovuka mpaka inaongea kwa niaba yako

Tangu familia za wahamaji wa vita zifike kwetu Kailo kutoka upande wa Kivu, kazi yangu ya kutafuta habari imepata mdogo wake. Watu wananiletea anvelopi na koli niwasaidie kuandika. Mama mmoja anashona mikoba ya kitenge, dada yake anaiuza Kampala. Papa mmoja aliyekuwa mchuuzi wa kahawa anataka kupeleka fakture kwa mteja wake wa Nairobi ambaye hajamlipa. Kijana wa hapa hapa anataka mnunuzi wa Dar es Salaam aone mchele wetu. Kwa mwenyeji, koli kama hizo ni njia ya kukuza biashara. Kwa aliyekimbia nyumba yake, mara nyingi ndiyo biashara yote iliyobaki.

Njia yenyewe imebadilika. Zamani mzigo uliruka kutoka Kindu hadi Goma, na pale mtu alivuka kwa miguu kuingia Gisenyi. Vita vilipofika Goma Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa, na Februari ikawa zamu ya Bukavu. Wazee wanakumbuka reli ya Kindu hadi Kalemie, kisha meli ya ziwa hadi Kigoma, na reli nyingine hadi Dar es Salaam, lakini hakuna mfanyabiashara anayeweza kumwahidi mteja tarehe kwa kutegemea treni hiyo. Leo koli nyingi ninazoziona zinapanda pikipiki hadi Alunguli, zinavuka mto, zinaingia ajensi za Kindu, na kupanda ndege ya Kinshasa. Koli ya kwenda Kampala, mashariki, inaanza safari kwa kwenda magharibi! Inapita mikononi mwa watu wengi, na hakuna hata mmoja anayekujua. Kile ulichoandika juu yake ndicho kitakachojibu maswali yao.

Tuanze na anwani. Hapa ukisema "kwa Mama fulani, nyuma ya soko," mtu anafika. Nje haifiki. Kenya, Tanzania na Uganda, barua za posta kwa kawaida huenda kwenye sanduku, si mlangoni. Tunachoita B.P. kwa Kifaransa, Watanzania wanaandika S.L.P., na kwa Kiingereza ni P.O. Box. Kenya inaongeza namba tano za posta. Katikati ya Nairobi ni 00100. Ukipitisha kwa ajensi, wao watataka mtaa, jengo na simu. Andika simu pamoja na namba ya nchi: Uganda +256, Kenya +254, Tanzania +255, kwetu +243. Jina la nchi liwe mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa. Na sisi tusiandike "Congo" tu. Kuna Kongo mbili, na ile nyingine mji wake mkuu, Brazzaville, unatazamana na Kinshasa ng'ambo ya mto. Andika RÉPUBLIQUE DÉMOCRATIQUE DU CONGO yote, hata kama mkono unachoka.

Kisha karatasi ya duane. Posta za dunia nzima zinatumia fomu za aina moja: CN22, ndogo, kwa koli ya thamani ya chini, na CN23, ndefu zaidi, kwa ya thamani kubwa. Zinauliza ndani kuna nini, ngapi, uzito gani, bei gani, na kama ni zawadi, mfano wa bidhaa, karatasi au kitu cha kuuzwa. Kifaransa ni lugha rasmi ya Umoja wa Posta Duniani, kwa hiyo Kifaransa chetu cha shule kinatosha. Ajensi nazo huomba fakture kwa bidhaa.

Hapo ndipo yule mama wa mikoba alipoumia. Kwenye ajensi moja alishauriwa aandike "zawadi, dola 5" ili alipe kidogo. Ndani kulikuwa na mikoba 12 inayofanana. Koli ilipotea njiani. Alipodai alipwe, walimwonyesha karatasi yenye sahihi yake: dola 5. Kitenge alikuwa amekikopa, na deni lake halikupotea pamoja na koli. Hata kama ingefika mpakani, ni mtu gani wa duane angeamini kwamba mikoba 12 ya namna moja ni zawadi? Sisi watu wa Kailo tunalijua jambo hili kupitia kasiterite: gunia lisilo na etiketi linasimamishwa, hata kama jiwe ni zuri. Na tukitaja mawe, mfano wa madini hautiwi kwenye anvelopi. Una njia yake na vyeti vyake. Noti za pesa nazo zisiingie humo, wala betri za simu zilizo peke yake.

Kijana wa mchele nilimwambia aulize kwanza Kindu kuhusu cheti cha afya ya mimea, na mnunuzi aulize kwao Tanzania. Mchele ukauke vizuri, ufungwe mara mbili, na kwenye fomu aweke alama penye mfano wa bidhaa.

Kwa papa wa kahawa shauri lilikuwa jingine: usipeleke fakture za asili. Karatasi hizo, zilizovuka msitu ndani ya mfuko wa plastiki, ndizo shahidi wake pekee kwamba aliwahi kuuza kahawa. Alipiga picha kila ukurasa kwa simu, akatoa nakala Kindu, na nakala ndizo zilizosafiri, zimefungwa kwa plastiki kwa sababu ya mvua na mtumbwi.

Jambo la mwisho ni anwani ya mtumaji, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Mama wa mikoba, alipotayarisha koli ya pili, aliandika mtaa wake wa Bukavu. Nikamuuliza: mzigo ukirudi, nani ataupokea pale? Alinyamaza muda mrefu, biki mkononi. Kisha akaniambia, "Ndugu, nikiandika Kailo, ni kama ninasema sitarudi." Nilimjibu kwamba anwani ya mtumaji haisemi utaishi wapi, inasema tu leo unapatikana wapi. Akaandika Kailo, na simu yake, na mikoba 12, na bei yake ya kweli.