Barua kwa Mpwa Wangu Aliyenunua Nyumba Ifakara

Mpwa wangu mpenzi,

Baada ya kumshukuru Mola aliyekuruzuku nyumba pale Viwanja Sitini, nakuandikia kwa ajili ya jambo moja ambalo barua yako, iliyosifu bati, vigae, milango ya mninga na kisima cha uani, ililipitia kwa sentensi moja tu: kwamba mwenye nyumba wa zamani amekuhakikishia kuwa shimo la choo halijapata kujaa tangu lijengwe. Yeye alikusudia kukutuliza moyo, na mimi kauli hiyo imeninyima usingizi.

Shimo la maji machafu lililojengwa kwa kanuni yake hapana budi lijae, kwani kazi yake ni kuyazuia maji yatulie, tope lizame chini, mafuta yaelee juu, na maji ya katikati peke yake yatoke kwa bomba kwenda katika shimo la pili la kunyonya. Tope lile hukusanyika mwaka hata mwaka mpaka gari lije lilinyonye. Basi shimo lililotumiwa na nyumba nzima miaka mingi lisijae, aghalabu ni shimo lisilo na sakafu, na uchafu wake unakwenda mahali ambapo hakuna aliyepata kupatazama.

Huku kwetu Mahenge, juu ya milima, jambo hilo lingekuwa na nafuu kidogo. Ifakara imelala bondeni, juu ya udongo ulioletwa na mito, na masika yakishika, Lumemo ukafurika upande mmoja na Kilombero ukatanda mbugani upande wa pili, maji ya ardhini hupanda hata mahali pengine huonekana katika shimo la nguzo ya ua. Wakati huo shimo lisilo na sakafu na kisima cha uani huwa vinashiriki maji yale yale, ijapokuwa juu ya ardhi vimetenganishwa na bustani nzuri ya maua. Wazee wenzangu hawajasahau kipindupindu kilichoingia Ifakara mwaka 1997, ambapo wataalamu waliokichunguza waliona kuwa miongoni mwa waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ni waliooga mtoni na waliokuwa mbali na mahali pa kuteka maji. Wewe maji unayo mlangoni, na hiyo ni neema; nataka uwe na yakini kwamba ni maji tu.

Kazi ya ubwana afya niliyoifanya hata nikastaafu imenifundisha kwamba pua si kipimo, na kutokuwapo kwa harufu si dalili ya siha ya shimo. Kwa hiyo nenda kwa afisa afya wa kata yako, umwombe akuelekeze kwa fundi mwenye ujuzi wa mambo haya, ambaye si yule aliyelijenga, kwa maana ni vigumu mtu kuihukumu kazi ya mkono wake. Wala usiliite gari la kunyonya kabla fundi hajapima, kwani shimo likishanyonywa ushahidi umekwenda na gari. Akifunua mfuniko, atazame kwanza usawa wa maji: yakisimama sawasawa na mdomo wa bomba la kutokea, ni vyema, yakiwa chini ya hapo, shimo linavuja, yakiwa juu, shimo la kunyonya limeziba au ardhi imeshiba. Kisha atazamisha mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe, autulize kidogo, autoe polepole, nawe usimame karibu uone weusi wa tope ulipokomea juu ya kitambaa, kwa kuwa tope na utando wa juu vikifika theluthi ya kina, wakati wa kunyonya umewadia. Baada ya kunyonya ndipo atakapomulika sakafu na kuta kwa tochi akiwa juu. Nasema akiwa juu. Asishuke fundi, asishuke kibarua, usishuke wewe: hewa ya mle ndani humwangusha mtu kabla hajapata kupiga ukelele, na anayemfuata kumwokoa humfuata kaburini.

Bomba la hewa nalo litazamwe kama lina wavu, na mifuniko kama haina ufa. Mbu apendaye maji machafu, ambaye si yule wa malaria, huzaliana mle kwa maelfu, naye ndiye mwenezaji wa matende na mabusha katika miji yetu ya pwani. Makunduchi, kule Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu walimwaga katika vyoo vya shimo chembe nyeupe za plastiki zinazoelea, zikayafunika maji mbu asiweze kuzaliana, na pamoja na dawa walizopewa watu maradhi hayo yalipungua sana.

Utasikia majirani wakikushauri ungoje mvua kubwa utapishe choo, uchafu uende na maji. Usiwasikilize, mwanangu. Huo ni ufisadi juu ya jirani aliye chini yako, na watoto wanaocheza mtaroni ndio watakaoulipia. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, taifa zima lilihimizwa redioni na vijijini kujenga vyoo, na watu wakaitika kwa hima. Kuvifunua na kuvikagua vyoo vilivyokwisha kujengwa ni jukumu la kizazi chenu, na naona bado halijashikwa kwa mkono wa dhati.

Ifanye kazi hii kati ya Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa imekauka, ili kama sakafu haipo iweze kumwagwa zege na kukomaa kabla ya mvua. Mlipe fundi ujira wake bila kumpunja, uandike vipimo vyote katika daftari la nyumba, uniletee nakala. Na mpaka majibu yatakapopatikana, maji ya kisima kile msiyanywe bila kuyachemsha, hata mgeni asipewe.

Ni mimi mjomba wako akupendaye,
Mahenge.