Hema Liko Juu ya Dari

Mjukuu wangu, mke wangu wa utani,

Jumamosi nilipoingia kibandani nilikukuta umelala juu ya meza, shavu limegusa picha mbichi, na rangi ya kijani imekuchora mstari toka sikioni hadi kidevuni. Sikukuamsha. Nilivuta kiti nikasoma ile karatasi uliyoibandika ukutani. Picha 40 kabla ya Desemba. Maonyesho mawili. Simba wakubwa sita, twiga wanane, Kilimanjaro kumi na mbili, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, "picha zangu mwenyewe", bila idadi. Kila picha umeiandikia siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Nilizihesabu siku hizo moja moja, nikitafuta ile ambayo ungelala kitandani, sikuiona.

Mimi, kama unavyojua, wiki ijayo narudi Tunduru. Kifua kimeikataa harufu ya tina, na jicho la kushoto linampa kila chui mikia miwili. Ikifika hapo mchoraji anaaga, hangoji kuagwa. Kibanda, brashi na makopo ni vyako. Mama yako analijua hilo na wajomba zako hawatakusumbua, kwa maana hakuna mwenye akili anayegombea makopo yaliyoganda rangi. Lakini kuna kitu kimoja sikukitaja siku ile mbele yao, nacho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Nina hema. Usicheke.

Mwaka 1998 nilikuwa na hali kama yako. Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya watalii aliniagiza picha 60, zote sawa: tembo watatu chini ya mbuyu, jua linazama nyuma yao. Fedha ilikuwa nzuri, na mimi nilikuwa na watoto watatu shuleni. Unajua kazi yetu inavyokwenda. Unapaka rangi ya chini kwenye picha kumi kwa mkupuo, unaziacha zikauke, unarudi na miili, unaziacha, unarudi na vitone na macho. Nilipofika ya thelathini na kitu, mkono ulikuwa ukichora peke yake na mimi nawaza kodi ya nyumba. Siku ya kupeleka mzigo wa kwanza, nikiwa nazipanga ndani ya gari, nikaona tembo mmoja hana jicho. Nilimsahau. Nikamwonyesha yule mfanyabiashara, tayari kuirudisha ile picha. Akaitazama, akasema haina shida, akanilipa kamili.

Tembo kipofu yule aliniuma kuliko deni. Laiti angenigombeza! Nilirudi nyumbani nikamsimulia bibi yako, Mungu amrehemu, nikidhani atanipa pole. Yeye alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Nenda kwa shemeji yako Muheza, ukae huko mpaka ukumbuke tembo ana macho mangapi."

Ndivyo hema lilivyoingia katika ukoo wetu. Mgeni mmoja alikuwa anauza vyombo vyake Masaki ajiandae kurudi kwao, nikambadilishia kwa picha mbili za ndege. Ni la turubai zito, la rangi ambayo zamani ilikuwa kijani. Shemeji yangu, kaka yake bibi yako, alikuwa akilima iliki huko juu Amani, akaniambia chumba kipo. Nikakataa chumba. Nilijijua kwamba ndani ya nyumba ya watu ningekaa kama mgeni, ningeulizwa habari za Dar es Salaam, ningeombwa nichore ukuta wa sebule.

Basi la Tanga likanishusha Muheza mchana. Kabla sijakanyaga chini nilikuwa nimeshanunua machungwa mawili dirishani, na Muheza huwezi kufanya vinginevyo. Njia nzima nyuma yangu ilikuwa mkonge, safu kwa safu, mpaka macho yakachoka. Nikamkumbuka Mzee Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa uchoraji wetu, kwa sababu naye kabla ya kufika Dar es Salaam alifanya kazi katika mashamba ya mkonge upande huo huo wa Tanga. Mimi sikumwona kwa macho. Nilifika Oyster Bay mwaka 1974, kijana wa Tunduru kama yeye, miaka miwili baada ya yeye kuuawa kwa risasi, kwa kudhaniwa mtu mwingine. Nilikuta vijana wachache aliowafundisha wanaendelea kuchora, na jina lake limeshageuka kuwa jina la kazi.

Kutoka Muheza gari dogo linapanda polepole, unapita Zigi, penye kituo cha zamani cha reli ya Wajerumani, halafu kona juu ya kona, chai upande huu, msitu upande ule, na joto la pwani linabaki chini kama shati ulilovua. Bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani hao hao mwaka 1902. Nilipofika mimi, msitu ulikuwa na mwaka mmoja tu tangu utangazwe hifadhi ya mazingira asilia.

Sasa fikiria kichekesho hiki. Mchoraji wa wanyama, miaka 24 kazini, anakwenda porini kwa mara ya kwanza tangu utoto, na anachagua msitu usio na simba, usio na tembo, usio na twiga. Siku ya kwanza nilikaa mlangoni pa hema kama mtu aliyefika arusini akakuta ni kesho. Miti tu. Kijani juu ya kijani. Mbega walipita juu kwa kishindo, hawakunitazama. Jioni hondohondo wawili wakakatiza bonde, na mvumo wa mabawa yao niliusikia kabla sijawaona, huu-huu-huu, kama mtu anayepepea jiko kubwa.

Usiku ndio uliokuwa na mambo. Nilikuwa nimeanza kusinzia nikasikia mtu ananyongwa. Kelele inaanza chini, inapanda kwa vipande vipande, mpaka inakuwa yowe, kisha kimya. Nilishika panga nikakaa nalo mapajani mpaka alfajiri. Shemeji alipokuja na uji nikamweleza, akacheka hadi akaketi chini. Ni perere, mnyama wa ukubwa wa sungura, anakaa mtini, anakula majani. Yowe lote lile lake! Nimechora mamia ya wanyama maishani na sikuwahi kumchora huyo wala kumwona amechorwa na mwenzangu yeyote, maana mtalii hamjui, na sisi tulishakubali kwamba mnyama asiyejulikana na mtalii hayupo.

Usiku wa pili siafu waliingia. Sitaki kulieleza hilo. Ila ukifika, mwaga majivu kuzunguka hema kabla jua halijazama, na usiache chakula ndani hata punje.

Siku ya tatu sikufanya kitu chochote. Nakuandikia neno hili kwa makusudi, kwa kuwa najua ukilisoma utataka kujua nilipata nini siku hiyo. Sikupata kitu. Niliosha sufuria kijitoni, nikalala mchana, nikaamka, nikala chungwa. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kidogo, nikadhani ni baridi. Haikuwa baridi. Ilikuwa imezoea kushika, na sasa haina cha kushika.

Siku ya nne kijana mmoja aliyekuwa akitembeza wageni alinipeleka penye maporomoko madogo akanionyesha ua lililoota kwenye jiwe lenye maji, kivulini, majani yake yana manyoya laini. Zambarau iliyofifia, dogo kuliko nilivyotarajia. Akaniambia hilo ndilo mama wa maua yote ya aina hiyo yanayowekwa madirishani Ulaya. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani upande wa Tanga, alipeleka mbegu zake kwao, na tangu hapo yamezalishwa mpaka hayahesabiki. Wala huhitaji mbegu, alisema. Unakata jani moja, unalichomeka udongoni, linatoa ua lile lile. Nilicheka peke yangu. Kijana akaniuliza nacheka nini, nikamwambia huko Oyster Bay na sisi tunachomeka majani.

Lakini nisikudanganye kwamba ua lile lilinibadilisha. Kilichonibadilisha, kama nilibadilika, ni usiku wa mwisho, tulipotoka na tochi kutafuta vinyonga. Mchana huwezi kumwona hata akiwa mbele ya pua yako. Usiku akilala rangi inamtoka, anakuwa mweupe-mweupe kwenye ncha ya tawi, na mwanga ukimgusa anang'aa kama karatasi. Tulimwona mmoja mwenye pembe mbili, mkia umejikunja kama springi ya saa. Nilisimama mbele yake nikitafuta kichwani ile rangi inachanganywa vipi. Nyeupe, njano kidogo sana, kijani tone, na nini tena? Nikajikuta vidole vinasogea vyenyewe hewani. Mwezi mzima kabla ya hapo vidole hivyo havikuwa vimeuliza swali.

Nilirudi Dar es Salaam nikamaliza zile picha zilizobaki. Ndiyo, nilizimalizia. Tembo watatu, mbuyu, jua. Sikuacha kazi ya watu, na wewe usiache. Usije ukazidharau zile Kilimanjaro zako kumi na mbili, kwani Kilimanjaro ndiyo iliyomsomesha mama yako. Ila baada ya mzigo ule nilianza kuchora usiku, na picha zile za usiku ndizo pekee ambazo watu walinifuata kuniuliza, "Mzee, hii umeitoa wapi?"

Najua utakachosema. Umeshaniambia mara mbili. Babu, Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 akafa 1972, miaka minne tu, na ameacha jina duniani, mimi nina muda gani wa kwenda kulala msituni? Hoja hii ina meno, na sitajifanya nimeing'oa. Hakuna aliyekuhakikishia miaka arobaini. Lakini ihesabu vizuri hesabu yako. Mtu yule alizaliwa mwaka 1932. Alipogusa hadibodi na rangi za baiskeli kwa mara ya kwanza alikuwa na miaka 36 ya kutazama tu: Tunduru ya utoto wake, mkonge, bustani za watu alizofanyia kazi mjini. Yule mnyama mmoja mkubwa aliyekuwa akimweka katikati ya ubao alikwisha kukaa naye siku nyingi. Sisi tuliokuja nyuma tulimrithi mnyama, tukaisahau hiyo miaka ya kutazama. Wewe umeanza kuchora ukiwa na miaka kumi na moja, chini ya meza yangu, kwa mabaki ya rangi. Kosa hilo ni langu. Nilifurahi mno kuona mkono wako mwepesi.

Kwa hiyo sikutumi ukalete picha. Ukienda na mpango wa kurudi na picha nane za msitu, baki kibandani, utaokoa nauli. Rangi usichukue. Kuhusu daftari nimewaza usiku mzima, na uamuzi wangu ni penseli moja, uiweke chini kabisa ya mfuko, chini ya mchele, ili siku utakayoitaka uifukue kwa mkono na upate nafasi ya kughairi njiani.

Usiende peke yako. Mchukue yule rafiki yako mshonaji, asiyesema sana. Ada ya hifadhi lipeni ofisini, msijifiche, na mwongozaji mlipeni vizuri. Nenda Julai, masika yakiwa yamekwisha, lakini kipupwe cha kule si cha Kinondoni, chukua blanketi la bibi yako. Dagaa wakavu, mchele, chumvi, vitunguu, kiberiti ndani ya kopo lenye mfuniko. Machungwa utayakuta.

Kwenye ile karatasi yako ya ukutani nimekata wiki mbili za Julai kwa kalamu nyekundu. Simba wawili wamekufa hapo, nisamehe. Mteja wao nimeshazungumza naye, atangoja hadi Septemba, na asipongoja nimekuachia kitu kidogo kwenye kopo la bluu, lile lisilo na rangi.

Mama yako anaamini hema tuliligawa zamani. Liko juu ya dari, upande wa jikoni, limefungwa ndani ya gunia la korosho. Vigingi ni kumi na vinne na kimoja ni cha mti, nilikichonga mwenyewe baada ya cha chuma kubaki Amani. Kamba nimezifunga kwa fundo la Kimakua ambalo utalilaani. Usilikate kwa kisu. Kaa nalo sakafuni, litafunguka.

Babu yako