Maji Meupe Tumboni

Leo ninaungama kosa langu mwenyewe.

Hapa Vuhovi kuna mama mumoja, bwana yake anafanya kazi kwenye machimbo ya zahabu. Mutoto wao alikuwa na tumbo kubwa kama ngoma, na mikono myembamba. Majirani wakasema amerogwa. Mimi nikajiona mwenye akili, nikasema: "Hapana, Mama, hii ni bwaki. Umupe karanga na mawese mengi." Mama akanitii. Tumbo likazidi kujaa.

Mwishowe tukapanda pikipiki mpaka Butembo. Munganga akatia sindano tumboni. Tulingojea maji, kumbe yakatoka meupe kama maziwa! Akatueleza: mafuta mengi tunayokula hayaingii damuni moja kwa moja. Yanapita kwanza katika mishipa midogo ya limfu, na karibu na shingo ndipo yanaingia damuni. Mushipa ukipasuka, ao mutoto akizaliwa nao una kasoro, yote yanavuja tumboni. Chakula na nguvu ya kupigana na magonjwa vinapotea. Hata kifua kikuu kinaweza kuleta hayo, kwa hiyo wanapima kwanza.

Nikauliza: "Basi yale mawese?"

"Ndiyo, Papa Pasta. Yalikuwa yanaongeza maji."

Nikanyamaza. Mama hakunitazama.

Wakamukataza mutoto mafuta kwa majuma mengi. Wengine hupona hivyo tu, bila kisu. Wetu hakupona, ikabidi apasuliwe. Na hapo nilishangaa: saa chache mbele ya kupasuliwa, wakamunywesha mafuta! Sababu, mishipa hiyo ikiwa tupu haionekani. Mwaka 1622, kule Italia, munganga Gaspare Aselli aliigundua katika mbwa aliyekuwa ametoka kula: ilikuwa myeupe. Munganga wetu naye akaona tone jeupe likitoka, akafunga pale kwa uzi. Si kila mara tundu linaonekana. Siku ile lilionekana.

Leo mutoto anacheza mupira na wenzake. Mama yake alinisamehe, lakini mimi bado ninakumbuka.

Wazazi, na ninyi vijana, tumbo la mutoto likivimba musikimbilie kusema uchawi. Wala musitosheke na shauri la pasta asiyepima kitu. Tuombe, ndiyo, lakini tuombe tukiwa njiani kwenda hospitali.